Chumba cha Kwanza cha Cecil

Rafiki yangu Cecil, ambaye majirani humwita Baba Ethel, alijenga chumba chake cha kwanza cha kupangisha pale Newala, wakati wa vita vya Msumbiji. Kikabaki kitupu, ilhali vya jirani yake, Mama Julia, vilijaa walimu. Wivu ukamla maskini kama nondo alavyo vazi, hata akapiga magoti: “Bwana, nipe mpangaji wake mmoja tu!”

Juma lilelile mpangaji mmoja wa Mama Julia, Mwalimu Pancras, alifariki kwa kifua.

Jioni ya maziko Cecil alikwenda kufunga chumba chake. Gizani mle akasikia mkeka ukitandikwa.

“Hodi!” akasema kwa mazoea.

Kikasikika kikohozi alichokijua.

“Karibu, Baba Ethel. Chumba chako kizuri kuliko cha Mama Julia.”