Ngoma Iliyopigwa Mara Mbili

Kila Ijumaa, Darla Pickett akishuka kwenye basi la shule, humlisha mbwa na kufagia baraza, kisha hutulia kumngoja baba yake atoke kiwandani. Lakini Ijumaa hii hakutulia hata kidogo. Bwana Wendell, baba yake, alikuwa amenunua kuponi ya nusu bei, chakula cha watu wawili, katika mkahawa wa Kijapani wa hapo mjini Gadsden, ule ambao mpishi hupika mbele ya wateja.

Ndani ya basi, rafiki yake Shawna alikuwa amemchochea.

"Wewe, waambie wahudumu ni siku yako ya kuzaliwa! Watakupigia ngoma, wakuvishe kofia na kukuletea aiskrimu ya bure."

"Lakini mimi nilizaliwa Oktoba."

"Kwani watakudai cheti? Acha uoga!"

Mkahawani waliketishwa meza moja na watu wasiowajua: bibi mmoja aitwaye Opal na mjukuu wake mdogo, Emmett. Katikati ya meza palikuwa na bamba pana la chuma, limepata moto. Bwana Wendell alipokwenda kunawa mikono, Darla alimnong'oneza mhudumu uongo wake.

Mpishi, kijana mcheshi aitwaye Rigo, aligonganisha miko yake ya chuma, akarusha yai juu na kulidaka kwa kofia. Akapanga vipande vya kitunguu kama mlima, akamimina mafuta, na moto ukalipuka kileleni.

"Wenye nyusi ndefu, rudini nyuma!" alisema. Emmett alicheka mpaka akapaliwa.

Kisha Rigo akaanza kuwarushia wateja kamba wa kuchoma, wawadake kwa mdomo. Yule wa Bwana Wendell alimgonga puani.

"Baba, mdomo uko chini kidogo!" Darla alimtania, na meza nzima ikaangua kicheko.

Kabla hawajamaliza wali, ngoma ikalia. Wahudumu walikuja wakiimba, wakamvika Darla kofia nyekundu na kumwekea aiskrimu yenye mshumaa. Bwana Wendell alibaki na uma hewani.

Emmett alivuta mkono wa bibi yake. "Bibi, si ulisema wataniimbia mimi?"

"Niliwaambia, mjukuu wangu," Bi Opal alijibu kwa sauti ya chini. "Labda wamedhani ni mtoto yuleyule mmoja. Nyamaza, tutaimba nyumbani."

Emmett hakulia. Aliuma mdomo tu, akaikodolea macho sahani yake.

Darla, aliyekuwa ameshaonja aiskrimu, aliweka kijiko chini. Alimtazama baba yake. Baba hakumkemea, alimngoja. Darla akasimama.

"Samahanini. Leo si siku yangu ya kuzaliwa. Nilidanganya. Ni siku ya Emmett."

Darla alivua kofia akamvika Emmett, ikamfunika mpaka machoni.

"Aiskrimu nimeshaionja," alisema kwa aibu. "Nisamehe."

Rigo aligonga bamba kwa miko yake. "Jamani, ngoma irudi! Mwenye siku yake amepatikana!"

Wahudumu waliimba upya, na aiskrimu nyingine ikaletwa. Hakuna aliyeimba kwa sauti kubwa kuliko Darla. Bi Opal alimshika mkono.

"Ahsante, binti yangu. Si kila mtu angethubutu kusimama."

Walipotoka nje, Darla aliuliza, "Umenikasirikia, Baba?"

"Uliposema uongo, ndiyo. Uliposimama, hasira ikaisha," baba alijibu. "Mimi na wewe tumekula kwa nusu bei, na hatukumdhulumu mtu, maana wenye mkahawa ndio waliotuuzia kuponi. Lakini ile aiskrimu ulidhani ni ya bure, kumbe ilikuwa ya mtoto mwenzako. Mwanangu, anayedanganya hajui uongo wake utamwangukia nani. Ukishamwona, usione haya kusema kweli palepale."

"Nimeelewa, Baba."

"Vizuri. Na hiyo Oktoba, ngoma nitakupigia mwenyewe, kwa sufuria."

Darla akacheka, wakaingia garini.