Viatu vya Jumamosi

Kila Jumamosi jioni, Awuor alikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki yenye nyama kidogo, nje ya ploti yao ya vyumba vya kupanga, mtaani Rhonda. Macho yake yalikuwa kwenye karai. Masikio yalikuwa ng'ambo ya barabara, kwa kinyozi Wanyonyi, palipokuwa na televisheni ya mpira.

Mumewe, Sitati, alikuwa humo. Fundi huyo wa mbao hakutazama tena mpira bila kubeti.

Ghafla vijana walipiga kelele, kisha wakacheka. "Mkeka wa Sitati umechanika! Dau lote limekwenda, timu moja tu imemwangusha! Pole, mzee, kuna mechi nyingine!"

Awuor aligeuka kumwita bintiye, Fancy. Fancy alikuwa tayari mlangoni. Alikuwa amevaa viatu na kumbeba mdogo wake mgongoni.

"Tunaenda kwa Mama Ubaid," mtoto alisema, bila kuambiwa.

Mama Ubaid, yaani Fardosa, alikuwa jirani yao na mhudumu wa afya ya jamii. Aliwafungulia watoto mlango. Akavitazama vile viatu. Kisha akaja kwenye karai.

"Mama Fancy, mbona hawa watoto huvaa viatu kila Jumamosi?"

"Wanakuja kucheza tu."

"Na wewe? Joto lote hili, sweta ya nini?"

Awuor aligeuza samaki ambaye hakuhitaji kugeuzwa.

"Si mtu mbaya, Mama Ubaid. Ni mpira. Timu ikipoteza, hasira zinampanda. Mimi huomba Mungu timu zake zishinde."

"Juzi si alishinda? Alinunulia ploti yote soda. Hakukugusa?"

Awuor aliivuta mikono ya sweta hadi vidoleni.

"Alinipiga siku iliyofuata," alisema polepole. "Nilimnyima akiba ya chama. Alitaka kubeti tena."

"Basi dua ilijibiwa na bado ukapigwa. Sikiliza, dada yangu. Kamari humshika mtu kama pombe. Huleta uongo na ugomvi, na hatari nyumbani huzidi. Lakini mpira hauna mkono. Mkono ni wake."

"Mama mkwe aliniambia nivumilie."

"Uvumilivu haujawahi kuunga mfupa. Usalama kwanza. Tuondoke kabla hajatoka huko, na usimuage. Wengi huumizwa wanapoaga. Tutapiga 1195, namba ya msaada kwa wanaopigwa nyumbani, simu ni ya bure. Twende hospitali, halafu dawati la jinsia kwa polisi. Ushauri wa kamari upo, lakini huo ni wa baadaye."

Awuor akaepua karai.

Baada ya hospitali na polisi, alikaa na watoto kwa dada yake, mjini Elburgon. Polisi walimwita Sitati, na baadaye akapelekwa kwa mshauri.

"Nilikuwa na stresi ya kupoteza," Sitati alijitetea.

"Na bosi wako wa karakana, ulimpiga?" mshauri aliuliza.

Sitati aliinamisha kichwa. Hakuwahi kumpiga.

Sasa amefunga akaunti ya kubeti na bado anaenda kwa mshauri. Huwaona watoto mchana, kwa Fardosa tu. Ameomba warudiane. Awuor hajajibu, na hakuna anayemharakisha.

Awuor amepanga chumba chake mwenyewe, karibu na Fardosa. Jumamosi moja jioni, kelele zililipuka tena kwa kinyozi.

"Nani amefungwa, mathe?" mteja aliuliza.

"Sijui," Awuor alijibu, akimfungia samaki.

Nyuma yake, Fancy alikuwa akiruka kamba, miguu mitupu.