Mluzi Uliokuwa Sikioni

Fundi wa kutengeneza cherehani alisifika mtaa mzima kwa sikio lake la kushoto. Ukimpelekea cherehani, hakushika bisibisi kwanza. Alizungusha gurudumu, akainamisha sikio hilo, kisha akakwambia palipoharibika. Watu walimtania kwamba anapiga soga na vyuma.

Basi siku moja aliifungua cherehani ya jirani yake mshonaji mara tatu. Alisafisha, akatia mafuta, akafunga.

"Kuna mluzi humu ndani," alilalamika.

Mkewe akainama, akasikiliza. "Baba Pacha, mashine imesimama. Mluzi gani?"

Fundi akanywea. Miaka miwili sikio lile lilikuwa likififia. Akiinuka ghafla, aliyumba. Alisingizia uzee, akawa anatia matone ya dukani. Hakumwambia mtu, hata mkewe.

Mkewe akampeleka hospitali, wakampiga picha ya kichwa. Baada ya miezi sita wakapiga nyingine, walinganishe.

"Una uvimbe kwenye mshipa wa fahamu wa kusikia," daktari alimweleza. "Mshipa huo pia hukusaidia usiyumbe. Si saratani, lakini unakua. Tukiuacha, utakuja kubana ubongo. Tutautibu kwa mionzi."

"Kwa hiyo mtanichoma na mionzi?"

"Si kuchoma kwa moto, mzee wangu. Utalala, kichwa kishikwe kisitikisike. Mionzi italengwa kwenye uvimbe. Hukatwi kwa kisu, na mionzi yenyewe haiumi. Uvimbe ungekuwa mkubwa, tungekufanyia upasuaji. Wako bado mdogo."

"Na sikio langu? Ndilo linalonilisha."

Daktari akahamisha kiti, akakaa kulia kwake. "Sitakudanganya. Mionzi huzuia uvimbe usikue. Kilichopotea hairudishi. Hata usikivu uliobaki unaweza kupungua polepole."

"Ningekuja mapema je?"

"Pengine tungekuwa na usikivu mwingi zaidi wa kulinda."

Fundi alilia pale pale, mbele ya mkewe. Mkewe naye akalia. Miaka miwili walikula meza moja, na mke hakujua.

Fundi alitibiwa, akarudi nyumbani siku ile ile. Akafundishwa mazoezi ya kutembea bila kuyumba. Mwaka uliofuata picha ilionyesha uvimbe haujaongezeka hata kidogo. Aliambiwa aendelee kupigwa picha kila mwaka. Alishukuru, ila furaha haikumjaa. Sikio la kushoto lilibaki na mluzi tu. Kazini alijifunza kugusa mashine kwa vidole na kuinamisha sikio la kulia, polepole kama mwanafunzi.

Asubuhi moja mshonaji alileta cherehani yake. "Na mimi sikio moja linapiga mluzi siku hizi," alisema akicheka. "Umeniambukiza wewe. Nimetia matone, litapoa."

Fundi hakucheka. Aliweka bisibisi chini, akafunga mlango wa karakana.

"Twende hospitali," akasema. "Sasa hivi. Na utembee kulia kwangu, unieleze limeanza lini."