Ukoko wa Ijumaa

Kila Ijumaa, katika nyumba ya Bibi Tuba mjini Borujerd, chakula cha mchana kilikuwa makaroni. Ijumaa hiyo, kwa mara ya kwanza, upishi ulikabidhiwa kwa mjukuu wake Behnush, mwenye umri wa miaka kumi na miwili. Bibi alikuwa uani akifua zulia pamoja na Kamyar, kaka yake Behnush, na binamu yao Ardalan, ambaye aliishi nao kwa kuwa baba yake alifanya kazi mbali kusini.

Behnush alikaanga vitunguu na nyama ya kusaga, akatia manjano na nyanya ya kopo mpaka mchuzi ukawa mzito. Alichemsha tambi, akazichuja. Kisha alitandaza vipande vya viazi kwenye mafuta chini ya sufuria, akapanga juu yake tambi na mchuzi kwa zamu, na kuufunga mfuniko kwa kitambaa ili kinyonye mvuke. Viazi vile ndivyo vingekuwa ukoko wa rangi ya dhahabu, na katika nyumba ile ukoko ulihesabiwa kuwa nusu ya mlo. Alisahau jambo moja tu: kupunguza moto.

Harufu ilipomfikia, viazi vilikuwa makaa. Alifungua dirisha upesi, akaondoa makaroni yaliyosalimika, akakwangua weusi wote na kuusukumia ndani ya gazeti chini kabisa ya takataka. Alisugua sufuria, akayarudisha makaroni. Aibu ilimfunga mdomo.

Walipoketi sakafuni kukizunguka kitambaa cha chakula, Bibi alirudi jikoni kuchukua mtindi. Kamyar aliipindua sufuria juu ya sinia. Makaroni yalianguka matupu.

"Ukoko uko wapi?" aliuliza.

Behnush hakuinua macho. "Sijui. Ila Ardalan aliingia jikoni kunywa maji."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na yalisemwa ili yadanganye. Mwezi uliotangulia Ardalan alinaswa akidokoa ukoko sufuriani, na Kamyar hakuwa amesahau.

"Mdokozi wewe, umerudia. Tunakulisha, na bado unatuibia."

"Nimekunywa maji tu," Ardalan alijibu. "Kama bado unaumia kwamba juzi nilikubwaga kwenye mieleka, sema hivyo."

Kamyar alimrukia. Sinia lilipinduka, tambi zikamwagika zuliani. Ngumi ya kwanza ilimpata Ardalan shavuni, ya pili mdomoni. Ardalan alimshika nywele na kumpiga kichwa kifuani, wote wawili wakaanguka, na mdomo wa Ardalan ukagonga ukingo wa chuma wa kipasha joto cha chumba. Damu ilichuruzika kidevuni. Hata hapo Kamyar hakukoma. Alimkalia kifuani, akamkandamiza koo kwa mkono wake, akimtaka akiri. Uso wa Ardalan ulibadilika rangi. Miguu yake ilipigapiga sakafu, kisha ikaanza kulegea.

"Mwache," Behnush alisema. "Ni mimi. Niliuunguza, nikautupa. Umo ndani ya gazeti, kwenye takataka."

Kamyar aliganda. Bibi Tuba, aliyekuwa amefika mlangoni, alimvuta kwa ukosi wa shati na kumtupa kando. Alimketisha Ardalan mpaka pumzi yake ikarudi. Juu ya zulia, kati ya tambi, ilikuwako nusu ya jino la mbele la Ardalan.

Kamyar aliomba radhi akilia. Bibi alimpiga marufuku kwenda kwenye mazoezi ya mieleka mpaka mwisho wa majira ya kiangazi, na jioni alimpigia simu baba yake Ardalan mbele yao wote, akamweleza yote bila kuficha lolote.

Ijumaa iliyofuata Behnush alipika tena, na safari hii moto ulikuwa mdogo. Ukoko ulitoka mzima. Bibi alimwamuru ampelekee Ardalan kipande cha kwanza na kikubwa kuliko vyote. Ardalan alijaribu kukiuma, akakunja uso, akakirudisha sahanini. Kilikuwa kigumu mno kwa jino lake.

Behnush alianza kulia. Bibi Tuba hakumbembeleza.

"Ungesema mapema, tungekucheka kidogo, tukala," alisema. "Ukoko tumeupika upya baada ya wiki moja. Jino la mwenzako hatuwezi kulipika."

Behnush alichukua kisu, akakikata kile kipande vipande vidogo vidogo, akakaa kando ya binamu yake mpaka alipomaliza kula.