Akaunti Moja, Mashine Mbili

"Mama! Mama njoo uone! Kuna mtu amenitoa kwenye gemu!"

Mama Nélida alitoka jikoni na mwiko mkononi, harufu ya wali wa kuku na giligilani ikimfuata nyuma. Alimkuta binti yake Yovana amesimama katikati ya sebule, pedi ya gemu mkononi, macho yamemtoka pima. Runinga ilikuwa nyeusi tii, na katikati yake maneno meupe:

AKAUNTI HII INATUMIKA KWENYE MASHINE NYINGINE.

"Sasa mimi nifanyeje? Mashine yako si hiyo hapo?"

"Ndicho kinachonishangaza! Akaunti ni ya Edson, na nywila tunaijua mimi na yeye tu. Na Edson yuko Trujillo anafunga kamera kiwandani, kapiga asubuhi akasema huko hata mtandao hakuna!"

"Haya, umeyataka. Si mlisema Jumapili hamchezi?" Mama akarudi kwenye sufuria yake.

Kweli, sheria ilikuwepo, na aliyeiweka ni Edson mwenyewe, mchumba wake. "Jumapili ni ya Mungu na ya mama yako, mpenzi. Tusiguse mashine." Yovana alimpenda maradufu kwa hilo. Mwanaume anayemheshimu mama mkwe kiasi hicho utampata wapi? Miaka minne hakuwahi kuivunja. Leo aliivunja kwa sababu moyo ulikuwa mzito. Kesho saa mbili asubuhi lori lilikuwa linakuja kuchukua diski za baba.

Yovana alikuwa na kibanda cha diski za gemu zilizotumika, ghorofa ya pili kwenye soko moja katikati ya Lima. Alikirithi kwa marehemu baba yake. Edson alikuja pale siku moja kubadilisha diski, akaondoka na namba ya simu. Mapenzi yalipokolea, akaanza kuhubiri.

"Diski zinachubuka, Yova. Zinaibiwa, zinajaza nyumba. Gemu ya kushusha mtandaoni ukishaishusha, basi. Unanunua mara moja, tunacheza wawili kwa akaunti moja. Watu wote Lima wanafanya hivyo."

Na ni kweli walifanya hivyo, hata jirani yake wa kibanda cha pili. Basi kila gemu mpya Yovana alinunua yeye, ikaingia kwenye akaunti ya Edson. Mwisho likaja lile kubwa: "Uza kibanda, uza na diski zote. Diski ni mambo ya wazee. Tukishaoana tufungue biashara ya gemu za kushusha." Harusi ilikuwa baada ya wiki tatu. Mnunuzi wa Huancayo alishapatikana.

Yovana akapiga simu. Iliita mpaka karibu kukatika.

"Mpenzi," Edson akajibu kwa sauti ya chini. "Mbona umepiga? Niko juu ya ngazi."

"Kuna mtu anatumia akaunti yetu."

Kabla hajajibu, Yovana akasikia mlio anaoujua kuliko sauti ya kengele ya kanisani. Kamba ikikazwa, halafu filimbi mbili. Ni gemu ya *Kamba Moja*, ya wapanda milima wawili waliofungwa pamoja. Mtu mmoja haichezi. Ndiyo iliyowakutanisha.

"Aah, hiyo!" Edson akacheka. "Nimeuza nusu ya akaunti kwa jamaa mmoja. Si unajua watu wanauziana nusu nusu? Nilitaka nikushtue na keki kubwa ya harusi. Nimemkuta hapa kiwandani, ndiyo anacheza. Haya, baadaye mpenzi, nitaanguka!"

Akakata. Yovana akaona haya. Masikini, mwanaume yuko juu ya ngazi anahangaikia keki, yeye anamhoji kama polisi! Halafu kitu kikamwambia afungue kumbukumbu za gemu.

*Kamba Moja. Sura ya mwisho: imemalizika. Leo, saa tisa na dakika kumi na mbili.*

Sura ile walikuwa wameiweka akiba. Waliapa kuicheza usiku wa harusi, wawili tu, na kwa mwaka mzima hakuna aliyeigusa.

"Kiwanda ambacho hakina mtandao," alisema polepole, "jamaa anachezaje?"

Akaingia tena kwenye akaunti kwa nguvu. Dakika moja, katolewa. Akaingia. Katolewa.

"Toka! Toka wewe!"

"Unagombana na nani, mwanangu?"

"Na mwizi, mama!"

Mara ya tatu, ujumbe wa sauti ukaingia kwenye akaunti ya Edson. Aliyeutuma ni mchezaji wa pili, aliyejiita Nayeli. Haya, yule jamaa wa kiwandani ndiye huyo? Yovana akabonyeza.

"Papi, mbona unatutoa tena?" Kilikuwa kisauti cha mtoto wa kike. "Umetoka na simu uani, na sisi tunatolewa tu! Mama anasema supu inapoa. Na muombe yule bibi wa diski akupe hii ya diski. Ya diski haitutoi."

Mlangoni mwa jikoni, mwiko ulimdondoka Mama Nélida. Hakuna aliyeuokota.

"Kasema nani?" mama akanong'ona. "Kasema *papi*? Yaani baba?"

Yovana akabonyeza kitufe cha kurekodi.

"Nayeli, mtoto mzuri. Mimi ndiye wa diski. Mpe mama yako namba yangu, anipigie." Akaitaja.

Simu iliita kabla hajakaa.

"Wewe ndiye bibi wa diski?" aliuliza mwanamke.

"Mimi si bibi. Nina miaka thelathini na moja."

"Thelathini na..." Sauti ikakatika. "Edson aliniambia bosi wake ni kikongwe wa miaka sabini, haoni vizuri, hawezi kuachwa peke yake siku za kazi, ndiyo maana kwetu huja Jumapili tu!"

"Na wewe ni nani kwake, dada?"

"Naitwa Magaly. Mke wake wa ndoa ya manispaa. Mwaka wa tisa huu."

"Mungu wangu." Yovana akaketi sakafuni. "Mimi ananioa baada ya wiki tatu."

Nyie mnaosoma, semeni wenyewe, hapo mtu anasema nini?

"Cheti cha useja, cha kuonyesha hana mke," Yovana akasema mwishowe. "Kila wiki namuuliza kiko wapi, ananiambia manispaa kuna foleni ndefu."

"Foleni ni mimi, dada."

Nyuma yake ikasikika sauti ya mwanaume. "Magaly, unaongea na nani?"

"Na bosi wako. Amepona macho!"

Simu ikahama mkono. "Yova... Yova nisikilize. Naweza kukueleza."

"Eleza."

"Nilikuwa natafuta wakati mzuri wa kuwaambia. Nyote wawili. Nawapenda..."

"Na kibanda cha baba yangu, Edson? Lori la kesho?"

"Kibanda gani?" Magaly alipaza sauti kutoka mbali. "Ndicho cha kununulia nyumba huku? Kaniambia bibi amemrithisha!"

Yovana akakata simu. Machozi yalikuwa hayajafika bado.

Yalifika dakika tano baadaye. Runingani, kufuli dogo lilitokea juu ya gemu moja, kisha nyingine, kisha zote. Gemu tisini na nne! Halafu simu ikatetemeka.

*Umenivunjia nyumba. Akaunti ni ya jina langu, nimebadilisha nywila. Usinitafute.*

"Nimenunua mwenyewe, mama!" Sasa alilia kwa sauti. "Miaka minne nimenunua mwenyewe, na sina hata moja! Ameninyang'anya hata bila kuingia mlangoni!"

Mama Nélida hakumbembeleza. Alichukua kisu cha jikoni, akaenda kwenye korido yalikopangwa maboksi ya kupakiwa kwenye lori, akachana gundi ya boksi la kwanza. Akarudi na kasha la *Kamba Moja*, ndani ya kifuniko kuna mwandiko wa marehemu mumewe, tarehe na neno *nzima*.

"Hii nayo ina kufuli?"

Yovana akatikisa kichwa, kamasi na kicheko kwa pamoja. Akaisukuma diski kwenye mashine. Ikaunguruma, ikawaka. Haikumuuliza yeye ni nani.

"Nipe na mimi hicho kidude," mama akasema akiketi. "Na wewe usiniangushe mlimani."

Asubuhi dereva wa Huancayo alipiga honi mlangoni.

"Siuzi," Yovana alimwambia.

"Lakini tulikubaliana, dada!"

"Tulikubaliana nikiwa mjinga. Pole kwa safari, ingia unywe chai."

Mchana ule alimuuliza Magaly anwani, akapeleka kifurushi kwenye basi la Trujillo. Ndani ilikuwa *Kamba Moja*, ya diski, na karatasi: *Kwa Nayeli. Hii hakuna wa kukutoa. Bibi wa diski.* Siku mbili baadaye Magaly alimtumia picha ya mtoto amelikumbatia kasha, na maneno: *Asante, dada. Naye Edson nimeshamfungashia virago.*

Jumamosi iliyofuata, soko limefurika, Edson akatokea mbele ya kibanda na begi begani, ndevu hazijanyolewa.

"Yova," akasema, macho chini. "Magaly amenitoa. Sina pa kwenda. Nirudishe, nakuomba. Nitakupa na nywila."

Wateja wakageuka. Jirani wa kibanda cha pili akazima redio kabisa ili asikose neno. Yovana aliifuta diski aliyokuwa nayo mkononi, akaigeuza mwangani kutafuta mikwaruzo, akaiweka kwenye kasha lake taratibu. Kisha akamtazama.

"Samahani, Edson," akasema. "Akaunti hii inatumika kwenye mashine nyingine."

Korido nzima iliangua kicheko. Edson akasimama kidogo, akahamisha begi bega la pili, akashuka ngazi. Yovana akamgeukia mteja aliyefuata.

"Karibu, kaka. Unabadilisha au unanunua?"