Alama ya Kijani na Jicho la Bibi

Siku ile mjinga alikuwa Chapu, na tulimalize hilo mapema asije mtu akakisingizia kishikwambi. Kishikwambi kilikuwa kimekaa zake kwenye rafu, juu ya pipa la maji, hakina mkono wala mguu. Mwenye mikono alikuwa Chapu, msichana wa darasa la sita, aliyepewa jina hilo kwa sababu kila alipotumwa alijibu "Chapuchapu!" akiwa ameshafika mlangoni. Kwenda kulikuwa kwepesi. Kurudi ndiko kulikokuwa na mambo.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele cha nyumba yao kilikuwa duka: meza ya kukatia, cherehani mbili, na vipande vya vitambaa mpaka chini ya kochi. Baba alikuwa dereva wa lori, leo yupo, kesho yuko njiani. Kaka yake alikuwa akijifunza kutengeneza simu mtaa wa pili, na tangu ajue kushika bisibisi ndogo kama sindano, Mama alimwita Profesa. Halafu alikuwepo Bibi, mama yake Mama, ambaye alikuwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Bibi aliambiwa apumzike, akakubali kila kitu isipokuwa kimoja. Chai ya jioni ilikuwa yake. Birika lake na kiberiti chake hakuna aliyethubutu kuvigusa.

Jicho la Bibi lilihitaji dawa za matone asubuhi, mchana na jioni. Chupa zilikuwa mbili, moja ya kofia nyeupe na nyingine ya waridi. Muuguzi wa macho alimfundisha Chapu mwenyewe, kwa kuwa mchana Mama huwa na wateja: nawa mikono kwa sabuni, mlaze Bibi chali, dondosha ya kwanza, subiri, kisha dondosha ya pili. "Usiharakishe," muuguzi alimwambia. "Ukizifuatanisha, ya pili inaifukuza ya kwanza."

Profesa naye hakukubali kupitwa. Alileta kishikwambi kilichopasuka pembe moja, akakitengeneza, akaweka ndani yake programu ya kupanga kazi za nyumba nzima. Kazi nyekundu ni muhimu, hazingoji. Za njano zinaweza kusubiri kidogo. Za buluu ni za ukipata nafasi. Ukishamaliza kazi, unagusa kiduara kilicho kando yake, kinalia *ting!*, inatokea alama ya kijani, na nyota moja inaingia kwenye jina lako. Mama na Baba waliona yote hayo kwenye simu zao.

"Sasa nyumba hii itaendeshwa kisayansi," Profesa alisema.

"Mwanasayansi aanze kwa kuokota soksi zake," Mama alijibu bila kuinua macho kwenye cherehani.

Chapu aliipenda ile *ting!* kama wengine wanavyopenda peremende. Hakuchukua muda kugundua jambo: nyota hazikubagua. Kupanga viatu mlangoni, nyota moja. Dawa ya Bibi, pamoja na kunawa, kulaza na kusubiri kote kule, nyota moja ileile. Basi akaanza na nyepesi. Zilipokwisha nyepesi, akajiandikia nyingine. Kuamka: *ting!* Kunawa uso: *ting!* Kunywa maji: *ting!* Siku moja Profesa alikuta kazi iliyoandikwa "Kukaa kidogo", nayo ilikuwa imeshakamilika.

"Hii nayo ni kazi?" aliuliza.

"Jaribu wewe uone inavyochosha," Chapu alimjibu.

Wakacheka. Na hapo ndipo mambo yangeishia, kama Chapu asingegundua jambo la pili, kwamba kiduara kinakubali kuguswa hata kabla ya kazi.

Alianza kwa nia njema. Aligusa wakati ananawa mikono, maana si anakwenda kutia dawa sasa hivi? Kesho yake aligusa akiwa bado anavua sare ya shule. Siku iliyofuata aligusa, akatia dawa ya kofia nyeupe, na wakati anasubiri ya waridi akasikia wenzake wanaruka kamba nje. Akasema moyoni, naruka zamu moja tu, chapuchapu. Aliporudi, Bibi alikuwa amesinzia. Alama ya kijani ilikuwepo tayari. Chapu akaitazama, ikamtazama, wakaelewana.

Baada ya hapo dawa ya mchana ikawa inatiwa siku hii, siku ile haitiwi. Alama haikukosa hata siku moja.

Jumapili jioni, wote wakiwa wamekaa chumba cha mbele, Bibi alisema, "Jicho hili linaniwasha. Na jana mchana sikutiwa dawa."

Chapu, aliyekuwa anaokota pini chini ya meza ya kukatia, aliona pini zote zimekuwa moja.

"Ngoja tuone," Profesa alisema, akakishusha kishikwambi. "Jana mchana... Hii hapa, Bibi. Dawa imetiwa. Tazama, alama ya kijani."

"Nitazame kwa jicho lipi? Hilohilo linalowasha?"

"Lakini imeandikwa, Bibi."

"Mjukuu wangu, mimi ndiye mwenye jicho. Tone likiingia ni baridi, na linashuka mpaka kooni, chungu kama nini. Jana sikusikia baridi wala uchungu."

Mama aliacha kushona. "Mama, labda umesahau tu. Umechoka na hayo madawa." Kisha akamgeukia binti yake. "Chapu, jana ulimtia Bibi dawa?"

Hapo palikuwa na nafasi pana ya kupita na ukweli, hata na lori la Baba. Chapu akafungua kinywa. "Si... si imeandikwa pale?" alisema.

Bibi aligeuza uso upande wa sauti ya Chapu, kisha akashusha kichwa.

Usiku huo simu ya Mama ililetewa ujumbe wa sauti, naye akaufungulia ili wote wausikie. Alikuwa Baba, na nyuma yake injini ilikuwa inanguruma. "Hongera binti yangu! Naona huku kazi zote kijani. Ukimtunza Bibi hivyo, mimi njiani roho yangu imetulia." Mama alimpigapiga Chapu begani. Chapu alisema amechoka, akaenda kulala na njaa yake.

Kesho yake jioni Bibi alipapasa rafu ya jikoni akitafuta kiberiti. Hakukuwa na kiberiti.

"Mama, nimekiweka mimi," Mama alisema kwa sauti ya upole, ile ambayo watu huitumia kwa wagonjwa. "Kuanzia leo chai nitapika mimi. Mtu akianza kusahau, moto si wa kuchezea."

"Nimeanza kusahau?"

"Kidogo tu, Mama. Ni umri."

Bibi alisimama pale, mkono bado uko kwenye rafu. Chapu alikuwa anaosha vikombe. Kikombe kimoja alikiosha mpaka kikaanza kumwonea huruma.

Tangu siku hiyo Bibi alibadilika. Aliyekuwa akijua mteja gani amekuja kwa kusikia viatu vyake, sasa aliuliza mara mbilimbili kama leo ni Jumatatu au Jumanne. Alipoambiwa alisema, "Aa, basi sawa," kama mtu aliyekosea nyumba. Chapu sasa alimtia dawa kila wakati, zote mbili, akisubiri mpaka miguu inakufa ganzi. Aligusa kiduara baadaye, akiwa ameziba masikio. Lakini zile alama za uongo zilikuwa bado zimo, za kijani vilevile, huwezi kuzitofautisha na za kweli.

"Mjukuu wangu," Bibi alimwambia siku moja akiwa amelala chali, tone la kwanza limeingia, "unajua kinachonitisha? Si jicho. Siku ile ningeapa kwamba sikutiwa dawa. Ningeapa kabisa. Kumbe nilitiwa. Sasa najiuliza, mangapi mengine ninayoyajua sivyo yalivyo?"

Chapu aliinamisha chupa ya waridi huku akitazama pembeni, tone likaanguka shavuni.

"Hilo limekosa njia," Bibi alisema. "Au nalo nimekosea?"

"Hujakosea, Bibi," Chapu alijibu. Akamfuta shavu, akadondosha jingine.

Siku ya kwenda zahanati walikwenda wote, Bibi, Mama, Profesa aliyekumbatia kishikwambi chake, na Chapu nyuma kabisa. Muuguzi wa macho alimkalisha Bibi, akamulika jicho kwa taa ndogo, akanyamaza. Wagonjwa hawapendi muuguzi akinyamaza, na wenye hatia ndio hawapendi zaidi.

"Jicho lina wekundu mwingi kuliko nilivyotarajia," hatimaye alisema. "Dawa zinatiwa sawasawa?"

"Zote," Profesa alisema, akamsogezea kishikwambi. "Tazama, nesi. Hakuna hata siku moja iliyorukwa."

Muuguzi alipitisha kidole juu ya kioo, kijani kwa kijani. "Basi kama imetiwa yote hii na jicho liko hivi, maana yake dawa haimfai. Nitamwandikia daktari ambadilishie, ampe kali zaidi. Ina madhara yake, lakini tufanyeje?"

"Na pia amwangalie kumbukumbu," Mama aliongeza kwa kunong'ona, kana kwamba Bibi alikuwa ametoka. "Ameanza kusema hajatiwa dawa, kumbe katiwa."

Muuguzi akachukua kalamu.

"Hajatiwa!" Chapu alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyopanga, hata mtoto aliyekuwa analia chumba cha pili akanyamaza. "Bibi hajasahau. Ni mimi. Nilikuwa nagusa kwanza halafu... halafu sitii. Si siku zote. Siku nyingi za mchana. Ile Jumamosi aliyosema, ni kweli, nilikuwa naruka kamba."

Profesa alikitazama kishikwambi chake kama mtu aliyeuziwa saa isiyo na mashine ndani. Mama alifunika mdomo.

"Bibi, nisamehe," Chapu alisema, machozi sasa yanakwenda yenyewe. "Usiniambie tena unasahau. Husahau. Unakumbuka kuliko sisi wote."

Bibi alinyoosha mkono hewani, akakipata kichwa cha Chapu, akakishika. Hakukipapasa, alikishika tu, na Chapu hakujua kama amesamehewa au amekamatwa.

Muuguzi aliirudisha kalamu mfukoni. "Umechelewa, ila umewahi," alisema. "Ningemwandikia dawa kali asiyoihitaji. Tutaendelea na hizihizi, mara hii zitiwe kweli, na mtamrudisha nimwone." Kisha akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wa Chapu. "Nisikilize, mwanangu. Alama unaiweka ukishafanya, si ukishakusudia. Kila mtu humu ndani anaamua kwa kufuata alama yako, mama yako, baba yako, hata mimi. Na kazi hazilingani, hata nyota zikilingana. Viatu vikikaa ovyo mlangoni, hakuna atakayepofuka. Kwa hiyo kila siku uliza kwanza, kazi ipi nisipoifanya ataumia mtu? Hiyo ndiyo ya kuanza nayo."

Chapu alifanya hivyo. Alifuta "Kuamka", alifuta "Kukaa kidogo", na dawa ya Bibi akaipandisha juu kabisa. Kwa Baba alituma ujumbe wa sauti yeye mwenyewe, akasimulia yote, na jibu la Baba lilikuwa refu, halikuwa na neno hongera hata moja. Kamba ilipumzika msumarini mpaka Bibi aliporudi kuonwa, na muuguzi, baada ya kumulika, akasema jicho limetulia na sasa linaona vizuri.

Walipofika nyumbani Mama alikwenda jikoni, akarudi, akamwekea Bibi kiberiti mkononi. Hakusema kitu, na Bibi hakumsaidia kusema.

Ila Profesa alikuwa na la kusema. "Nimepata programu nyingine," alianza. "Hii haikubali alama mpaka upige picha ya ushahidi. Chapu anatia tone, anapiga picha, inaingia. Hakuna kudanganya."

"Programu nyingine?" Mama alikuja juu. "Kitoe hicho kidude chako kwenye rafu yangu! Kimetudanganya nyumba nzima, bado unataka kukiongezea na kamera?"

"Mama, programu haina kosa, ilikosa ulinzi tu."

"Ulinzi! Nitakulinda wewe na soksi zako!"

"Sasa bila orodha tutajuaje kama dawa imetiwa?"

"Tuliishije zamani?"

Chapu alikaa katikati yao akingoja ni wapi katika ugomvi huo jina lake litatajwa. Bibi alikuwa ameshawasha jiko na kubandika birika. Alikizima kijiti cha kiberiti kwa kukipuliza, akawageukia wote wawili, na sasa alikuwa anawaona barabara.

"Mwacheni huyo kwenye rafu, hana kosa, kaandika alichoambiwa," Bibi alisema. "Aliyedanganya amekwisha kusema, kaomba radhi, na dawa anatia. Tumebakiza nyinyi wawili, hamjaomba. Mwenye jicho alikuwa amekaa hapahapa, ana mdomo, na mkakiuliza kioo."