Bwana Mdogo Akataa Kijiko

Kila alasiri, baada ya kuvua sare ya shule na kunawa mikono, Mawingu alikaa mkekani kumlisha mdogo wake. Jina la Mawingu alipewa na baba yake, kwa kuwa ukimwita mara moja haitiki. Sharti umsubiri ashuke kwanza.

Mama yao alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa karakana yake. Vitambaa vilining'inia kwenye kamba karibu na dirisha, na jua lilipopenya, ukuta mzima ulijaa rangi: samawati, zambarau, njano iliyofifia. Cherehani ilivuma taratibu. Humo ndani hata nzi walionekana kuruka polepole.

Mdogo wake, ambaye wote walimwita Bwana Mdogo, alikuwa ameanza kutambaa, na alikuwa na ugomvi na kijiko. Kikija, anafumba mdomo. Kikirudi, anageuza shingo. Uji uliishia kidevuni na masikioni, tumboni hakuna kitu.

"Kidogo tu, bwana mkubwa," Mawingu alimbembeleza. Wapi!

Lakini akiwekwa sakafuni, chochote alichookota alikitia mdomoni: vipande vya uzi, chaki ya fundi, hata kifungo, ambacho Mawingu alimpokonya haraka. Ndipo alipong'amua. Kumbe huyu hakatai kula. Anataka kujilisha!

Mama alikuwa chumba cha ndani, akimpima gauni mteja wake, muuguzi wa zahanati. Mawingu aliosha karoti, akaikata vipande na kumwekea mdogo wake. Bwana Mdogo alikidaka kimoja kwa mikono yote miwili, akicheka. Mawingu naye akacheka, kisha akainua macho. Upepo ulitikisa vitambaa, na zile rangi zikatiririka ukutani kama maji. Akazifuata. Akawa anaelea humo, mbali, mbali sana.

Ukimya ndio uliomrudisha. Bwana Mdogo alikuwa ameachama, uso umebadilika rangi, sauti haitoki.

"Mama!"

Muuguzi alitoka mbio, mkono mmoja wa gauni umeshonwa, mwingine unaning'inia kwa pini. Alimlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikiwa chini, akampiga kwa kiganja katikati ya mabega, tena na tena. Kipande cha karoti kikachomoka. Kikafuata kilio, na Mawingu hakuwahi kusikia kilio kitamu kama kile.

"Ulikuwa wapi?" mama aliuliza.

Angeweza kusema alikwenda kuchota maji. Uongo ulikuwa tayari ulimini.

"Nilikuwa hapa hapa, Mama. Lakini sikuwa namtazama. Na karoti nimempa mimi."

Mama alimpakata mtoto kifuani. Muuguzi akaketi mkekani, pini na yote.

"Wazo lako si baya, mwanangu," alisema. "Mtoto wa umri huu anaweza kushika chakula chake. Ila kiwe kimelainika. Kibonyeze kwa vidole viwili: kikipondeka, ufizi wake utakiweza. Kikikaidi, usimpe. Na karanga nzima usithubutu."

"Sasa nimpe nini, Shangazi?"

"Boga la kuchemsha, kiazi kitamu, parachichi lililoiva, ndizi mbivu. Kata vipande virefu kama kidole chako apate pa kushika. Akae wima, na wewe ukae naye."

Kesho yake mama alichemsha boga, na Mawingu akabonyeza kila kipande kabla ya kukiweka sahanini. Bwana Mdogo alichukua kimoja. Alikigeuza, akakikagua, akakiponda, akakipeleka puani, ndipo akaipata njia ya mdomo. Boga lilimpaka nyusi na nywele. Hakuna aliyemharakisha. Alasiri ilikwenda kwa mwendo wake, na Mawingu alitazama kila tonge lilivyoshuka shingoni mwa mdogo wake, akashangaa kwamba kitu kidogo hivyo chaweza kupendeza kiasi kile.

Bwana Mdogo akamnyooshea kiganja kilichojaa boga lililopondeka. Mawingu alilila lote, mate na yote.

Mama alisimamisha cherehani, akacheka mpaka machozi yakamlenga.

"Sikia, mwanangu," alisema hatimaye. "Kumwachia mtoto ale mwenyewe si kumwacha peke yake. Jana ulilisahau hilo. Lakini ulisema kweli, japo ilikuwa ngumu, na ndiyo maana leo nimekukabidhi tena mdogo wako."